Kuvunjwa kwa Timu ya ACE

Timu ya ACE, ambayo Jeshi la Anga la Korea Kusini liliiasisi mwaka 2007 ili mabingwa wa mchezo wa kompyuta wa StarCraft, akiwamo Lim Yo-hwan mashuhuri, watimize faradhi ya kulitumikia jeshi pasina kuupoteza ufundi wao, aghalabu ilishika mkia katika ligi, kwani mchezaji aliwasili wepesi wa vidole umekwisha kupungua, na baada ya takriban miaka miwili akaaga. Hata hivyo, mwaka 2009, Hong Jin-ho, akiwa askari katika timu hiyo, alimwangusha Kim Taek-yong, aliyekuwa katika kilele cha umahiri wake, na mashabiki wakashangilia ajabu. Mwaka 2012 timu ikavunjwa. Nami nasikitika, maana vijana wale walifungiwa mlango uliowaruhusu kutumikia taifa kwa kipaji chao.