Kuchagua Hita ya Gesi kwa Nyumba ya Mabati



Kuanzia Juni hadi Agosti, watu wengi wa Eldoret huingia madukani kuulizia hita. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 10 au hata chini ya hapo. Aliye katika nyumba ya mawe yenye dari huvumilia. Mpangaji wa chumba cha mabati kule Langas, Huruma au Munyaka, soja aliye kwenye kibanda cha lango na fundi anayelala ndani ya kontena kwenye mjengo hawana ukuta wa kuwashikia joto. Jua likizama tu, mabati yanapoa.

Dukani, swali la kwanza la mnunuzi huwa ni joto: hita hii inatoa kiasi gani? Hilo lingefaa kuwa swali la pili. La kwanza ni hili: moto huu unavuta hewa ya wapi, na mvuke wake unatokea wapi?

Jibu la jiko la makaa linajulikana. Makaa huingizwa ndani moshi ukiisha, watu wakiamini kwamba hatari imetoka na moshi. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi, na huendelea kuitoa hata yanapofifia. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo aliyelala hazinduki kwa kukohoa. Anazidi kulala. Jiko la makaa halina nafasi katika chumba cha kulala, iwe mlango umefungwa au umeachwa wazi kidogo.

Hita ya gesi ya mtungi ni safi kuliko makaa, lakini nyingi zinazouzwa zina kasoro ileile: zinavuta hewa ya chumbani na kurudisha mvuke humohumo. Kuna ya kufungwa juu ya mtungi, na kuna ya magurudumu inayobeba mtungi tumboni. Kila kilo ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Ndiyo maana asubuhi mabati hudondosha matone kwenye blanketi. Chumba cha futi 10 kwa 10 kikizibwa kabisa, hita inayochoma gramu 200 kwa saa hushusha oksijeni hadi kiwango cha hatari baada ya saa moja hivi. Nyufa za mabati husaidia, lakini nani ajuaye nyufa zake zinatosha?

Aina ya tatu huvuta hewa kutoka nje kwa bomba na kutoa mvuke nje kwa bomba, na chumba hupata joto tu. Marekani, ambako mamilioni ya watu hukaa katika nyumba zilizotengenezwa kiwandani na kuvutwa kwa lori, kanuni za serikali tangu 1976 zinataka kifaa cha gesi cha kupasha nyumba hizo joto kitenganishwe kabisa na hewa ya ndani. Sababu yao inahusu Eldoret moja kwa moja: nyumba ni ndogo, kuta ni nyembamba, na watu wanalala karibu na moto. Hita ya namna hii ni ghali kuliko ya magurudumu, na inahitaji fundi wa kutoboa ukuta, jambo ambalo mpangaji hawezi kulifanya bila ruhusa ya mwenye ploti. Mtungi wake hukaa nje, umesimama wima, mbali na mtaro, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini hadi shimoni.

Urefu wa mji huu una lake pia. Hewa ya Eldoret ina oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano. Hita iliyopimwa pwani, ikiwashwa hapa bila kurekebishwa, hupata gesi nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Moto wake wa bluu hugeuka manjano, huacha masizi, na kaboni monoksidi huongezeka. Kanuni ya mafundi wa Marekani ni kupunguza nguvu ya kifaa kwa asilimia 4 kila mita 300 za mwinuko. Kwa Eldoret hiyo ni kama asilimia 28, yaani hita iliyoandikwa kilowati 4.2 ihesabiwe kuwa ya kilowati 3.

Hita nzuri za kubebeka zina kifaa kinachozima moto oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 18. Baadhi ya hita hizo zimeandikwa katika maelezo yake kwamba zaweza kujizima zenyewe zikipita futi 7,000, na Eldoret inakaribia kabisa futi hizo. Mnunuzi huona hita inazimika kila mara, akaipeleka kwa fundi, na fundi akaondoa kifaa kile ili “ipone”. Tangu hapo hakuna kinachowalinda waliolala. Hita inayozimikazimika hapa irudishwe dukani.

Joto linalohitajika si jingi. Chumba cha futi 10 kwa 10 cha mabati matupu, ili kipande nyuzi 10 juu ya baridi ya nje, kinadai karibu kilowati 2.5. Hiyo ni gramu 200 hivi za gesi kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unakwisha baada ya saa 30: usiku saba au nane, saa nne kila usiku. Bei ya kujaza mtungi ikigawanywa kwa usiku huo, watu wengi watakuna kichwa. Chumba hichohicho kikiwekwa dari na kuta zikafunikwa kwa ndani, hitaji hushuka hadi chini ya kilowati moja. Pesa zikiwa kidogo, dari itangulie hita, kwa kuwa dari haijazwi tena mwisho wa wiki. Wanaobandika katoni na magunia ukutani wanafanya jambo la maana, ila katoni hushika moto, na hita ikae angalau mita moja kutoka hapo na kutoka kwa pazia na neti ya mbu.

Anayelazimika kununua hita ya magurudumu basi ainunue yenye kifaa cha kujizima na alama ya ubora ya KEBS, ajaze mtungi kwa muuzaji mwenye leseni ya EPRA, aache dirisha wazi kiasi wakati hita inawaka, na aizime kabla ya mtu wa kwanza kulala. Joto la kulalia litoke kwenye blanketi na chupa ya maji moto. Kifaa kidogo cha betri kinachopiga kelele kikinusa kaboni monoksidi ni nyongeza njema, hasa penye mtoto mchanga.

Kichwa kikiwauma wote chumbani kwa wakati mmoja, na kizunguzungu na kichefuchefu vikifuata, hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa homa. Watu watoke nje kwanza, mlango uachwe wazi, moto uzimwe ikiwezekana bila kukawia ndani, kisha wapelekwe hospitali, iwe Moi Teaching and Referral au iliyo karibu zaidi, na daktari aambiwe waziwazi kwamba palikuwa na moto chumbani. Simu ya dharura ni 999 au 112.