Mali Bila Daftari
Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama Kikuu cha Ushirika katika mkutano wa sherehe ya kutimiza miaka kumi



 Walionitangulia wamekwisha kueleza habari za ghala, za mashine na za mauzo ya miaka kumi, nao wameeleza vizuri. Mimi nimeomba ruhusa ya kusema juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni: kitabu cha mwanachama, kinachokunjwa na kushonwa kwa mkono na kikundi cha akina mama wa hapa hapa petu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo sina budi kuungama mbele yenu jinsi mali ilivyopotea mikononi mwangu mwenyewe.

Katika mwaka wa tatu wa Chama hiki nilikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi. Vitabu vya stakabadhi vilikuwa vimekwisha, na msimu ulikuwa umepamba moto. Basi nikaandika uzito wa kahawa katika karatasi moja moja, nikazibana kwa pini, nikidhani kwamba nitazinakili baadaye katika daftari kuu. Siku ya malipo alikuja mama mmoja mzee. Alisema kuwa ameleta kahawa mara mbili. Karatasi zangu zilionyesha mara moja. Nilimwambia, "Mama, daftari halisemi hivyo." Akajibu, "Mwanangu, daftari ni lako. Mimi ninao mgongo tu ulioibeba." Akaenda zake, na msimu uliofuata hakutuletea hata punje moja.

Miezi mingi baadaye, tulipoisogeza mizani ili tusakafie chumba, tuliiona karatasi ile chini yake. Mchwa walikuwa wameila pembeni, lakini jina lilisomeka, na kilo 38 zilisomeka. Fedha yake niliipeleka mimi mwenyewe nyumbani kwake. Aliihesabu, akaifunga katika pindo la kanga, kisha akaniuliza neno ambalo halijanitoka moyoni: "Mimi nimelipwa. Na wale ambao karatasi zao hazikuonekana?" Sikuwa na jibu. Ndugu zangu, hata leo sina.

Kazi ninayoisimulia ilianzia katika swali lile. Wakati huo akina mama wa kikundi walikuwa wakisuka mikeka na vikapu. Tulipowaomba wajaribu kushona vitabu, baadhi yao walicheka, wakasema kuwa vitabu ni kazi ya watu wa mjini. Lakini mtu aliyezoea kuunga ukili hata ukawa mkeka hahitaji kufundishwa namna ya kushika sindano. Alichohitaji ni kuijua karatasi tu.

Somo la kwanza halikuwa na uzi wala gundi. Karatasi moja hukunjwa mara tatu, ikapata mafungu manane. Kisha hukatwa mstari mmoja katikati, ikakunjwa tena, ikawa kijitabu cha kurasa nane. Watoto waliokuja na mama zao walikijua siku ile ile, na hadi leo hukitumia kuandikia hesabu za shule.

Somo la pili ndilo lililotutesa. Karatasi ina ulalo wake kama ubao ulivyo nao. Nyuzi zake ndogo zimelala upande mmoja. Ukiikunja kwa kuzifuata nyuzi hizo, mkunjo huwa laini na kitabu hufunguka vyema. Ukizikata nyuzi kwa mkunjo, karatasi huvunjika na kitabu hujifumbua chenyewe. Njia ya kuupima ulalo ni nyepesi: chana karatasi, upande unaofuata nyuzi huchanika moja kwa moja, na upande wa pili huchanika ovyo. Vitabu vyetu vya kwanza vilikuwa nusu ya karatasi ya ofisi kwa ukubwa, navyo vilikaa vibaya. Tulipovipunguza vikawa robo, vilitulia. Sababu ni kwamba nyuzi za karatasi nyingi za ofisi hulala kwa urefu; mkunjo wa kwanza huzikata, mkunjo wa pili huzifuata. Hivyo ndivyo kitabu chetu kilivyopata ukubwa wake wa milimita 105 kwa 148, nao ndio ukubwa unaofaa mfuko wa shati.

Sasa kitabu hutengenezwa hivi. Karatasi tatu hukatwa katikati, zikawa sita. Kila moja hukunjwa na kupigwa pasi kwa mgongo wa kijiko, kisha huingizwa moja ndani ya nyingine. Tukapata kurasa 24. Mkunjo hutobolewa matundu matatu kwa msharasi. Uzi uliopakwa nta ya nyuki huingia tundu la kati kutoka ndani, huingilia tundu la juu, hupita ndani moja kwa moja hadi tundu la chini, hutoka, na kurudi tena katika tundu la kati. Ncha zake mbili hufungwa juu ya uzi ule mrefu, mmoja upande huu na mmoja upande huu, ili fundo lisiponyoke. Jalada latokana na mifuko ya saruji: tabaka zake za ndani zilizo safi hugandishwa pamoja kwa uji mzito wa unga wa ngano uliotiwa shabu kidogo usichache upesi, kisha hulazwa chini ya jiwe usiku kucha zisijikunje. Mgongo huvikwa kipande cha kanga kilichobaki kwa fundi cherehani.

Mtaniuliza: Bwana Katibu, haya yote yana faida gani, nasi twaweza kununua vijitabu dukani? Swali hilo liliulizwa hata katika Halmashauri, na aliyeuliza hakukosea. Tulivinunua mwaka mmoja. Vilikuwa vimegandishwa kwa gundi tu, na kabla msimu haujaisha kurasa zilikuwa zikidondoka kama majani ya mbuni uliopatwa na ukungu. Lakini sababu kubwa si hiyo. Katika kitabu kilichokunjwa na kushonwa, kila karatasi ina mwenzake upande wa pili wa uzi. Mtu akiuchana ukurasa wa 5 ili kuficha jambo, ule wa 20 hulegea na kutoka. Basi kitabu chenyewe hutoa ushahidi. Na kurasa zikiwa zimepigwa nambari tangu mwanzo, hata mtoto ataona kilichopungua. Karatasi zangu za pini zilikuwa kinyume cha hayo: moja ilipopotea, zilizobaki zilinyamaza kimya.

Tena msidhani kuwa kazi hii ni ya kigeni kwetu. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, pwani ya Kenya, katika karne ya 18 na ya 19 walikuwako mafundi walionakili misahafu kwa mkono na kuijalidi, na baadhi ya kazi zao zimehifadhiwa mpaka sasa. Nao wale wafumaji na wenzao, jumla yao watu 28, wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, walishika kanuni ya kuandika hesabu zao na kuwaonyesha wanachama. Ushirika haukuanza kwa ghala kubwa. Ulianza kwa hesabu inayoweza kuonekana na kila mwenye haki.

Sisemi kwamba kitabu hiki kidogo chaweza kuwa mahali pa daftari kuu. Hesabu za Chama zina vitabu vyake rasmi vinavyokaguliwa, navyo vibaki hivyo hivyo. Wala sizikatai simu, ambazo siku hizi hutuletea habari za malipo. Lakini simu huibiwa, huzimika, na ujumbe hufutika. Kitabu cha mwanachama ni jicho la pili. Mzani unaposomwa, karani aandike katika daftari lake na katika kitabu cha mwanachama, papo hapo, kwa wino ule ule, mbele ya mwenye mali. Asiyejua kusoma atasomewa na mjukuu wake jioni. Na wajukuu hao, nawaambieni, wamekwisha kunikosoa mara mbili, na mara zote mbili haki ilikuwa yao.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi mawili. La kwanza: Halmashauri iamue kwamba mizani yoyote ya vyama vyetu vya msingi isipokee mzigo pasipo vitabu vyote viwili kuandikwa. La pili: vitabu hivyo vinunuliwe kwa akina mama wa kikundi kwa bei ya haki na kwa fedha taslimu, isiwe ahadi za mwisho wa msimu. Haifai watu wanaotushonea kinga ya kupunjwa nao wapunjwe na sisi.

Yule mama mzee alirudi katika Chama miaka miwili baada ya hayo. Sikumwita, alikuja mwenyewe, siku ya mizani, na kitabu cha kikundi mkononi. Alikuwa amekikagua mshono kwa kucha yake kama anavyokagua mkeka sokoni. Alikiweka mezani, akakifungua ukurasa wa kwanza, akaniambia, "Haya, Karani, andika." Nikaandika, naye akangoja wino ukauke ndipo akakifunga.

Mabibi na Mabwana, miaka kumi imepita. Naomba ile kumi ijayo iandikwe katika vitabu viwili.

 Udumu Ushirika wetu.