Bakuli la Muhogo, Leicester



Wengi mmeniuliza: mtu aliyeuguza wagonjwa miaka 19 anarudi chuoni kutafuta nini, tena kusoma historia ya chakula, darasa moja na vijana wa rika la mwanawe?

Aliyenirudisha ni bibi mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kampala, niliyekuwa nikimhudumia hapa hapa Leicester. Alikuwa miongoni mwa Waasia ambao Idi Amin, mwaka 1972, aliwapa siku 90 wawe wameondoka Uganda. Uzeeni kumbukumbu zilimpotea, na chakula akawa hakigusi. Siku moja nikamsikia akinong'ona, "Mogo, mogo." Wenzangu hawakuelewa. Mimi nilielewa: muhogo. Neno letu, alilokuja nalo na kulitunza miaka yote ile.

Nikapita Belgrave Road, nikanunua muhogo na nazi. Usiku nikakalia mbuzi ya marehemu mama, nikakuna, nikachuja. Tui jepesi nikachemshia muhogo. Tui zito nikalimimina mwishoni, na pilipili moja nzima juu, isipasuke. Kesho yake, kwa idhini ya wanawe, nikamlisha. Alimaliza bakuli. Kisha akanishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili, "Na wewe umekula?"

Chuoni nimejifunza kwamba bakuli lile lilikutanisha bahari mbili. Muhogo asili yake Amerika ya Kusini. Wareno ndio waliouvusha Atlantiki ukafika Afrika. Nazi ilikuja kwa Bahari ya Hindi kutoka Asia, kitambo kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498. Hata mahindi yametoka Amerika. Kabla yake wahenga wetu walisonga ugali wa mtama, uwele na wimbi. Mambo haya nilistahili kuyajua nikiwa mtoto, jikoni kwa mama.

Masomo yangu yana sehemu ya kuitumikia jamii, nami nimechagua wazee wetu wanaoishi peke yao. Naomba mniletee wazee hao. Wasije kulishwa tu, waje watupikie na kutufundisha, kwani wanaopima chumvi kwa kiganja hawajaandikwa popote, na kila mwaka tunawazika.

Tuanze Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, jikoni nyuma ya ukumbi huu. Mbuzi ninayo moja. Mwenye nyingine aje nayo.