Ridhaa ya Mwenye Haja

Yeyote aliyepita Vwawa au Mlowo wakati mahindi na maharage ya Mbozi yanapopakiwa malorini aijua lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa hata likapita mdomo wake, likashonewa nundu ya kamba juu, kisha likanunuliwa kwa thamani ya gunia moja, na ingawa sheria ya vipimo imeweka kikomo cha kilo 100, mnunuzi akiulizwa hujibu kwa utulivu: "Mkulima mwenyewe karidhia."

Jawabu hilo latupeleka kwa wanafalsafa. Aristotle, mwanahekima wa Kiyunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Masihi, alimtaja nahodha aliyezukiwa na tufani akatupa shehena baharini ili kuziokoa roho: je, ametupa kwa hiari? Amri ni yake, lakini hakuna mwenye akili timamu atupaye mali bahari ikiwa shwari. Basi mkulima ambaye Januari imemfikia, mwana ataka sare na madaftari, naye hana ghala wala mizani, ridhaa yake ni ya jinsi hiyohiyo. Ila tufani haina dhamiri, na mnunuzi anayo. Imamu Ghazali naye, katika kitabu chake cha Ihya, alionya kwamba muamala waweza kusihi mbele ya mufti na bado ukawa na dhuluma ndani yake.

Kant, Mjerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alimfikiri mwenye duka asiyempunja hata mtoto mdogo, lakini kwa kuchelea tu kupoteza wateja. Akasema tendo hilo ni sawa, ila halina sifa ya wema. Wa kwetu ni yule atoaye mizani siku afisa wa Wakala wa Vipimo yumo sokoni. Mimi simlaumu sana: mizani iliyo sawa kwa khofu humfaa mkulima kuliko nia njema isiyo na mizani.

Lakini tumfanyie insafu na mnunuzi mwadilifu, ambaye, pale kuli, mwenye lori na mtoza ushuru wanapohesabu magunia badala ya kilo, hulipia magunia mengi zaidi kuliko jirani yake wa lumbesa kwa mzigo uleule. Na suala la kwa nini wahesabu hivyo halimhusu yeye peke yake, bali na wenye soko pia.