UFUGAJI WA BAHARINI NA JOTO LA DUNIA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mbwajumali)



Siku hizi twaambiwa kwamba kufuga kamba na kulima mwani ndiyo kazi ya kesho. Sisi hatupingi kazi. Lakini yatupasa kujua ni ufugaji gani unaoharibu hali ya hewa na ni upi usioiharibu, maana bahari ikipata joto, mvuvi ndiye aumiaye kwanza.

Tuanze na mwani. Mwani hautaki chakula wala mbolea, nao hunyonya hewa ya ukaa iliyomo majini. Lakini ukivunwa na kutumiwa, sehemu kubwa ya hewa hiyo hurudi ilikotoka. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mwani utapoza dunia. Unguja walianza kuulima kwa biashara mwaka 1989. Baadaye maji yalizidi joto, na ile aina ya bei nzuri, kotonii, ikafa sehemu nyingi. Ikabaki spinosamu, yenye bei ndogo. Hasara ilimwangukia mkulima.

Ufugaji wa kamba ni jambo jingine. Katika nchi nyingi za Asia mikoko ilikatwa ili kuchimba mabwawa. Matope ya mikoko yameweka ukaa wa mamia ya miaka. Yakichimbuliwa, ukaa huo hupanda angani. Na samaki hukosa mazalio. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mwaka 2018 Serikali ilipozuia ukataji, tuliona jinsi nyumba nyingi zinavyoutegemea mti huu.

Huko Rufiji, miaka ya 1990, kampuni moja ilitaka kuchimba mabwawa makubwa ya kamba katika delta. Wanavijiji walikataa, wakaenda hata mahakamani, na mabwawa hayakuchimbwa.

Basi akija tajiri na mkataba wake, tumwulize maneno matatu. Mabwawa yatachimbwa wapi? Chakula cha kamba kitatoka wapi, au ni dagaa wetu watakaosagwa? Joto likiua mazao, nani atalipa? Asipojibu, tusitie sahihi wala kidole gumba.

Mtu mmoja akiuliza huambiwa ni mkorofi. Wakiuliza mia hujibiwa. Ndiyo maana ya chama.

Umoja ni nguvu.