Kulitunza Kanisa Dogo
(Hotuba ya wazee wa kanisa wa Unyambwa katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu)



Pengine baadhi yenu mwashangaa kuona wazee wa kanisa wakisimamishwa siku ya kusherehekea mizani na maghala. Lakini mkitutazama vizuri mtatutambua: ndio sisi tuletao alizeti ghalani, na wengine wetu hubishana na karani kila msimu. Ndugu zetu Waislamu nao watuwie radhi. Twaamini haya si mageni kwa wao wajuao habari za zaka.

Mtaa wetu ni mdogo. Waumini wengi hawana mshahara. Wana uwele, mtama, alizeti na kuku. Kwa hiyo sadaka yetu huja kwa miguu na kwa mabawa. Baada ya ibada huwa mnada: yai moja hununuliwa, likatolewa tena, likanunuliwa mara ya pili, hata aliyelileta akastaajabia bei yake. Mgeni hudhani ni mchezo. Kumbe kwa njia hii asiye na senti hutoa bila kuona aibu, na mwenye nazo hutoa zaidi huku akicheka.

Fedha, basi, si jambo lililotutesa kuliko yote. Lililotutesa ni aibu hiyo. Zamani tulikuwa na desturi ya kusoma mbele ya watu majina yote, na kiasi ambacho kila mtu ametoa katika ahadi yake ya mwaka. Tuliona ndiyo hesabu ya wazi. Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema, uwele ukakauka kabla ya kuzaa. Nasi tukasoma majina vilevile. Jina la mama mmoja mjane likasomwa, na mbele yake neno “hakuna”. Jumapili iliyofuata hakuja, wala watoto wake. Tulipomwendea alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akasema atarudi atakapokuwa na kitu mkononi. Tulirudi njia nzima tumenyamaza.

Hapo ndipo tulipojua tofauti ya Chama na kanisa. Chamani, asiyeleta mazao hapati malipo, wala hakuna wa kulaumiwa. Kanisani, asiye na kitu ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuja. Tangu siku hiyo twasoma jumla tu, iliyoingia na iliyotoka, na kila mtoaji hupewa stakabadhi yake mkononi. Sanduku lina kufuli mbili, na funguo zake hazilali nyumba moja. Hili tumejifunza kwenu. Mtume Paulo naye, alipowachangia maskini wa Yerusalemu, aliweka pamoja na fedha zile ndugu waliochaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa. Ukaguzi wa hesabu ulikuwako kabla ya Mrajisi!

Yule mama alirudi baada ya miezi saba. Leo ndiye mshika ufunguo wa pili.

Kazi ya kujitolea nayo yataka kuangaliwa. Mchungaji ana mitaa mingi. Kwa hiyo mwinjilisti ndiye azikaye wafu, afundishaye watoto na apatanishaye wagomvi, kwa posho ndogo au bila posho. Naye ana shamba. Mvua za kwanza zikinyesha, kila mtu hukimbilia jembe lake, yeye huitwa msibani. Tulimpoteza mmoja mwema kwa njia hiyo: hakukosana na mtu, alichoka tu. Sasa siku moja ya mvua za kwanza twalima kwake kabla ya kulima kwetu.

Wala mzigo huu si mpya. Mwaka 1940, wamisionari wa Kijerumani walipowekwa kizuizini kwa sababu ya vita, sharika nyingi za Kilutheri katika Tanganyika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Wamisionari wa Augustana kutoka Marekani, waliokuwa wakifanya kazi huku kwetu katikati ya nchi, walikwenda kusaidia, lakini hawakutosha. Makanisa 7 yaliyoungana Juni 19, 1963, na leo kuitwa KKKT, yalijengwa pia na watu waliolima mchana na kufundisha jioni. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki nao, walipokutana mwaka 1976, waliziweka mbele jumuiya ndogo ndogo, yaani majirani wanaojuana kwa njaa na kwa shibe.

Sasa tuna neno moja kwa viongozi. Wako waliotushauri, kwa nia njema, kwamba ahadi za kanisa zikatwe hapo hapo kwenye malipo ya alizeti, kama deni la mbegu. Twawaomba msikubali. Fedha zingeongezeka, hatukatai. Lakini mwaka wa ukame mtu angejiona mdaiwa wa Mungu kwenye daftari la karani, nasi tungerudi tena kwenye lile neno “hakuna”. Mkitaka kutusaidia, tuazimeni mizani siku ya sikukuu ya mavuno, maana ya kwetu imekwisha kuchakaa, na wanunuzi wa mnada wameanza kuinung'unikia.