Tuwafundishe Watoto Ukweli Bila Kuwavunja Moyo



Katika sherehe hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, naomba kusema neno juu ya watoto wetu. Shuleni hufundishwa mabadiliko ya tabianchi: ukame, mafuriko, na barafu ya Kilimanjaro inayopungua. Hayo ni kweli, wala hayafai kufichwa. Lakini mtoto aliyepewa hofu peke yake hukata tamaa, akaliacha jembe.

Basi tuwasimulie pia habari za Shinyanga. Huko miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kulima pamba, ardhi ikabaki tupu. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana, yaani malisho yanayopumzishwa masika ili yafae kiangazi, zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Wenyeji walifufua desturi ya wazee wao, na kuni, asali na majani vikapatikana tena.

Kwa hiyo nashauri kila chama cha msingi kitenge kipande cha ardhi, watoto wakitunze wenyewe. Mtoto aliyeona kisiki kikichipua atasikia habari za ukame, naye asivunjike moyo.